Neno lililopungua njiani: watu wazima wa Penn State

Jioni ya Mei 3, 1998, katika mji wa State College, jimbo la Pennsylvania, mvulana wa miaka 11 alirudishwa nyumbani na kocha. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Mama yake akaziona. Mtoto akaeleza kwamba baada ya mazoezi yeye na kocha walioga pamoja kwenye mabafu ya chuo kikuu, na alivyoendelea kueleza hakukumkalia vizuri mama. Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, taarifa ilikuwa imeshafika kwa polisi wa chuo.

Kocha huyo alikuwa Jerry Sandusky, msaidizi wa kocha mkuu Joe Paterno kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Penn State tangu 1969. Mwaka 1977 alianzisha Second Mile, taasisi ya hisani ya kusaidia watoto wenye maisha magumu, na humo ndimo alimowapatia wavulana wake. Aliwapa tiketi za mechi, zawadi, safari, na heshima ya kuonekana naye. Juni 2012 jopo la wananchi mahakamani lilimtia hatiani kwa makosa 45 kati ya 48, yaliyowahusu wavulana 10 katika kipindi cha takriban miaka 15. Oktoba akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60. Mpaka leo anakana.

Huyo sitakaa naye sana. Kinachonirudisha kwenye kisa hiki kila ninapoandaa mafunzo ya ulinzi wa mtoto ni wale wengine: mama, wasafishaji, kocha kijana, baba yake, daktari rafiki wa familia, mzee wa timu, mkurugenzi, makamu, rais wa chuo, mkuu wa taasisi ya hisani. Watu wazima wenye akili timamu, wengi wao wenye watoto wao. Kuna ushahidi wa mahakamani, kuna barua pepe, na kuna ripoti ya kurasa 267 ya Julai 2012 iliyoandikwa na jopo la Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, aliyeajiriwa na bodi ya chuo chenyewe. Ukimya wa watu wazima kwa kawaida hauachi karatasi. Huu uliacha, karibu siku kwa siku.

Turudi kwa mama. Polisi walijificha nyumbani kwake wakasikiliza alipomhoji Sandusky ana kwa ana. Sandusky hakukataa kuoga na mtoto. Alimwambia mama kwamba angeomba msamaha lakini anajua hatasamehewa, na kwamba alitamani afe. Mwanasaikolojia mmoja aliandika kwamba mwenendo ule unafanana na wa mtu anayemzoesha mtoto hatua kwa hatua kabla ya kumdhuru. Mshauri wa pili, baada ya kuongea na mtoto kwa muda mfupi, akasema hakuona hilo. Mwendesha mashtaka akaamua asifungue kesi. Sandusky akaambiwa asioge tena na watoto, jalada likafungwa.

Wakufunzi wengi hukiruka kipande hiki kwa sababu kinakatisha tamaa: mama alifanya kila kitu sawasawa na bado hakuna aliyeshtakiwa. Mimi hukianza nacho. Mshiriki mmoja lazima atauliza, kimoyomoyo kama si kwa sauti, "sasa nikiripoti halafu wasifanye kitu?" Jibu limo kwenye kesi yenyewe. Jalada lile lililala kwa miaka 13, lakini lilikuwepo. Mvulana wa nywele zilizolowa alitoa ushahidi mahakamani mwaka 2012, tayari kijana mkubwa, na Sandusky alitiwa hatiani kwa aliyomfanyia yeye pia. Aliyeripoti hajui ana kipande cha ngapi cha picha. Anaweza kuwa na cha kwanza.

Na kuna jambo baya zaidi. Viongozi wa juu wa chuo walijua kuhusu uchunguzi wa 1998 wakati ule ulipokuwa unaendelea. Barua pepe zao zinaonyesha hivyo. Kwa hiyo taarifa ya 2001 ilipofika mezani kwao, haikuwa ya kwanza.

Kabla ya hapo, vuli ya mwaka 2000, msafishaji wa usiku alimkuta Sandusky na mvulana bafuni. Alirudi kwa wenzake akitetemeka kiasi kwamba waliogopa moyo utamsimama. Aliwaambia alichokiona. Msimamizi akamweleza ni nani wa kumfikishia habari kama akitaka. Hakuna aliyeifikisha. Mmoja wao alieleza baadaye kwamba waliogopa kufukuzwa, kwa kuwa futiboli ndiyo iliyokuwa ikiendesha chuo. Kesi ilipofika mahakamani, aliyeshuhudia alikuwa ameshapoteza kumbukumbu kwa maradhi na hakuweza kutoa ushahidi. Sina la kuwalaumu sana wasafishaji hawa. Semina haimpi mtu wa ufagio kinga ya kazi yake. Anayeweza kumpa ni mwajiri, kwa maandishi, kabla jambo halijatokea. Ukiona taasisi inawaita walimu na makocha kwenye mafunzo, na mlinzi, dereva na mfagiaji wamebaki nje wakipanga viti, ujue imewaacha nje watu wanaopita korido zikiwa tupu.

Sasa tufike kwenye usiku wenyewe.

Ijumaa, Februari 9, 2001. Mike McQueary, kocha msaidizi wa ngazi ya chini mwenye umri wa miaka 26, aliingia chumba cha kubadilishia nguo kuweka viatu vipya kwenye kabati lake. Alisikia sauti kutoka bafuni zilizomtia shaka. Alipochungulia aliona kupitia kioo, kisha kwa macho yake, Sandusky akiwa uchi nyuma ya mvulana aliyemkadiria kuwa na miaka kama 10. Alibamiza mlango wa kabati. Akawatazama, wakamtazama. Halafu akaondoka.

Ukiwa mkufunzi, hapa chumba hugeuka mahakama. Kila mtu anajua angefanya nini: angemrukia, angempiga, angemchukua mtoto. Huwa nawaacha waseme dakika mbili tatu, kisha nauliza ni wangapi kati yao wamewahi kumkemea bosi wao hadharani kwa jambo dogo tu, labda kuchelewa kikao. Kelele hupungua. McQueary alikuwa amekulia mji uleule, aliwahi kuchezea timu ileile, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu aliyemjua kama kocha tangu ujana. Mwili ulioshtuka haufikiri, unafuata ulichokizoea. Ndiyo maana watu wa zimamoto hufanya mazoezi ya kutoka jengoni badala ya kusoma kijitabu kuhusu moto.

Alimpigia baba yake simu. Akaenda nyumbani kwake, ambako pia alikuja daktari rafiki wa familia. Kwa hiyo usiku ule kulikuwa na wanaume watatu ndani ya nyumba moja yenye simu, wakizungumza kuhusu mtoto ambaye pengine bado alikuwa na Sandusky. Daktari alimwuliza McQueary zaidi ya mara moja kama alikiona kitendo chenyewe cha ngono, na kila alipoulizwa McQueary alizidi kufadhaika. Mwisho wakakubaliana kwamba asubuhi amweleze Paterno. Hakuna aliyewapigia polisi simu.

Jumamosi asubuhi, McQueary akakaa jikoni kwa Paterno. Mahakamani alisema kwamba alimweleza wazi kuwa jambo lilikuwa la kingono, ila hakutaja kila kitu kwa majina yake, kwa heshima ya mzee yule. Paterno alikuwa na miaka 74.

Msomaji wa Kiswahili asimame hapo kidogo. Kwa heshima ya mzee. Lugha yetu ina ghala zima la maneno ya kufunikia jambo hili hili: kamchezea, kamharibu, kamfanyia tabia mbaya, kamfanyia mambo, kuna vitu si vizuri. Tunayatumia kwa nia njema, kulinda masikio ya wakubwa na aibu ya mtoto. Lakini "kamchezea" laweza kumaanisha utani wa kurushiana maji, na laweza kumaanisha kosa la jinai, na anayesikia akiwa hataki matatizo atachagua maana ya kwanza. Neno la staha humpa msikilizaji mlango wa kutokea.

Tazama lilivyopungua Pennsylvania, kwa Kiingereza chao, kila lilipopanda ngazi. McQueary aliona tendo la kingono dhidi ya mtoto. Paterno, alipohojiwa mbele ya jopo la uchunguzi miaka kumi baadaye, alisema aliambiwa kuhusu kupapasa, au jambo fulani la kingono. Jumapili alimpa habari Tim Curley, mkurugenzi wa michezo. Curley alikuja kueleza kwamba alichokielewa ni mwenendo usiofaa, mchezo wa kusukumana bafuni. Gary Schultz, makamu wa rais wa chuo aliyesimamia fedha na uendeshaji, naye alibaki na picha ya jambo lisilofaa, si la jinai. Rais wa chuo, Graham Spanier, alisema aliambiwa ni watu kuchezacheza tu bafuni. Curley alipomfikishia habari mkuu wa Second Mile mwezi Machi, jambo lilikuwa limebaki kuwa mtu fulani hakujisikia vizuri kumwona Sandusky akioga na mvulana. Taasisi ya hisani ikaona kwake si tukio. Mkuu huyo alieleza mahakamani mwaka 2017 kwamba alimshauri Sandusky avae bukta siku nyingine akioga na watoto.

Bukta. Kutoka alichokiona McQueary Ijumaa usiku hadi bukta, hakuna hata mmoja ambaye ni lazima awe alidanganya waziwazi. Baadhi wanaweza kuwa walifanya hivyo. Mawakili wamebishana kwa miaka, nami simo kwenye kiti cha hakimu. Ninachosema ni kwamba uongo haukuhitajika. Ilitosha kila mtu akate kona moja kali kabla ya kumpelekea aliye juu yake.

Zipo barua pepe za Februari ile. Mwishoni mwa mwezi, viongozi watatu walikuwa na mpango ambao ndani yake kulikuwa na kuijulisha idara ya ustawi wa jamii. Kisha Curley akaandika kwamba baada ya kulifikiria zaidi na kuongea na Joe, haoni raha kwenda kwa kila mtu isipokuwa mhusika mwenyewe. Ni afadhali wamkalishe chini, wamwambie apate msaada, na kumjulisha mkuu wa Second Mile. Spanier akajibu kuwa anaafiki, na kwamba njia hiyo ni ya kiutu. Aliongeza tahadhari moja: kama ujumbe hautasikilizwa, wao ndio watakaokuwa hatarini kwa kutoripoti. Waswahili wana usemi wa jambo hili, funika kombe mwanaharamu apite, na sidhani kama umewahi kupata barua pepe inayoutoshea zaidi.

Mtu mmoja hayumo katika mawasiliano hayo yote. Hakuna aliyejaribu kujua mvulana yule ni nani, analala wapi, yuko salama kiasi gani. Wote walizungumza kuhusu Sandusky, kuhusu chuo, kuhusu nani aambiwe. Mtoto hakutafutwa. Agosti ya mwaka huohuo, miezi sita baada ya usiku ule wa Ijumaa, mvulana mwingine alidhuriwa kwenye jengo lilelile.

Sasa kipengele cha sheria, ambacho watu hudhani kinachosha, na kwangu ndicho uti wa mgongo wa kisa. Sheria ya Pennsylvania ya wakati ule ilimtaka mfanyakazi wa taasisi, akiwa na shaka kuhusu mtoto, amjulishe mkuu wa taasisi au mwakilishi wake. Huyo mkuu ndiye aliyebeba wajibu wa kuripoti serikalini. Maana yake ngazi ile ambayo neno lilipungukia haikuwa desturi mbaya ya timu tu. Iliandikwa kwenye sheria. McQueary alimwambia Paterno, Paterno akamwambia mkuu wake, na kwenye karatasi kila mmoja aliweza kuonyesha kwamba alitimiza sehemu yake. Hakuna sheria iliyomkataza yeyote kati yao kupiga simu mwenyewe. Simu ya jimbo ya kuripoti, ChildLine, ilikuwepo tangu miaka ya 1970. Lakini ukimpa mtu aliyeogopa njia mbili, moja ya kumwambia bosi na nyingine ya kuiambia serikali, unajua atapita ipi.

McQueary alieleza pia kwamba alipokutana na Schultz, alimchukulia kama polisi, maana polisi wa chuo walikuwa chini ya ofisi yake. Hili hutokea sana. Watu huripoti kwa cheo, wakaamini wameripoti kwa mamlaka. Mwenyekiti wa kamati si polisi. Mchungaji, imamu, mkuu wa shule, mwenye klabu, hata awe mwadilifu vipi, si ofisi ya uchunguzi. Yeye ana sababu zake za kutaka jambo liwe dogo, na sababu hizo si lazima ziwe chafu: anampenda mtuhumiwa, anaipenda taasisi, ana mechi Jumamosi.

Kilichokuja kuivunja ngazi hakikutoka chuoni. Mwaka 2008 mama mwingine, katika wilaya jirani, alikwenda shule ya sekondari ambako Sandusky alikuwa akijitolea kama kocha, na mwanawe akaeleza. Shule ikaripoti kwa idara ya watoto ya wilaya. Uchunguzi ukaenda kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, ukachukua takriban miaka mitatu. Mwishoni mwa 2010 ujumbe wa barua pepe usio na jina uliwaambia wachunguzi wamtafute McQueary. Novemba 5, 2011 Sandusky akakamatwa. Siku nne baadaye Paterno akaachishwa kazi, naye Spanier akaondoka kwenye urais. Paterno alifariki Januari 2012. Curley na Schultz walikiri mwaka 2017 kosa dogo la kuhatarisha ustawi wa mtoto, na Spanier alitiwa hatiani kwa kosa la aina hiyo, akakata rufaa kwa miaka, mwisho akatumikia kifungo kifupi mwaka 2021. Chuo kimelipa fidia ya zaidi ya dola milioni 100 kwa waliodhuriwa.

McQueary je? Alipoteza kazi, akakishtaki chuo, na mwaka 2016 jopo la mahakama likampa dola milioni 7.3, kisha jaji akaongeza nyingine karibu milioni 5. Simsimulii kama shujaa wala kama mwoga. Alifanya zaidi ya wengi, na hakufanya ya kutosha. Watu wazima tunaowafundisha wengi wao watakuwa hapohapo alipokuwa yeye.

Pennsylvania iliunda kikosi kazi Desemba 2011, na kufikia mwisho wa 2014 sheria zake za ulinzi wa mtoto zilikuwa zimeandikwa upya kwa kiasi kikubwa. Badiliko moja ndilo ninaloliona la maana kuliko yote, nalo ni la mpangilio tu: mwenye wajibu wa kuripoti sasa anaripoti moja kwa moja ChildLine, papo hapo, kwanza; akishamaliza ndipo anamjulisha mkuu wake. Ngazi imegeuzwa. Bosi anapata habari baada ya serikali, kwa hiyo hana tena cha kukilainisha. Kinachotakiwa ni sababu ya msingi ya kushuku, si ushahidi, na anayeripoti kwa nia njema analindwa dhidi ya kushtakiwa.

Jimbo hilo pia liliwalazimu wafanyakazi wa shule kupata mafunzo ya saa tatu kila baada ya miaka mitano, na kuanzia 2015 madaktari, wauguzi na wengine wenye leseni wakawekewa sharti la mafunzo kabla ya kupata au kuhuisha leseni. Taarifa za kushuku udhalimu wa kila aina dhidi ya watoto zilipanda kutoka zaidi ya 29,000 mwaka 2014 hadi zaidi ya 40,000 mwaka 2015. Zilizothibitishwa nazo ziliongezeka, kutoka zaidi ya 3,300 hadi zaidi ya 4,200. Wapo wanaosema kelele zilizidi, kwani sehemu kubwa ya taarifa haikuthibitishwa. Lakini hao takriban mia tisa wa ziada si kelele. Kilichokuwa aibu ni kwamba mwaka 2016 mkaguzi mkuu wa jimbo alibaini simu maelfu kwa maelfu zilizopigwa ChildLine hazikupokelewa. Umewafundisha watu kupiga simu, hukuajiri wa kuipokea. Mafunzo yanayozalisha taarifa ambazo hakuna anayezishughulikia huwafundisha watu, safari ya pili, wasisumbuke.

Na saa tatu kila miaka mitano zinafundisha nini? Mafunzo mengi niliyoyaona hutumia muda wake mwingi kwenye dalili: mtoto anayejitenga, anayekojoa kitandani upya, anayejua mambo yasiyo ya umri wake. Si vibaya. Ila dalili nyingi kati ya hizo hutokea pia kwa mtoto aliyefiwa au ambaye wazazi wanatengana, na watoto wengi waliodhuriwa hawaonyeshi chochote. Kusubiri mtoto aseme nako kuna gharama yake. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyofanya kazi kati ya 2013 na 2017 kuchunguza udhalimu wa kingono ndani ya taasisi, iliwasikiliza maelfu ya walionusurika. Wastani wa muda waliochukua hadi kumwambia mtu ulikuwa karibu miaka 24. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba zaidi ya wasichana na wanawake milioni 370 walio hai, mmoja kati ya wanane, walibakwa au kushambuliwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Idadi kama hiyo haiwezi kuwekwa mgongoni mwa mtoto ajifunze kusema "hapana" kwa sauti kubwa.

Kisa cha Penn State kinasukuma mafunzo upande mwingine. Dalili hazikukosekana pale. Nywele zilionekana, na bafuni palichunguliwa mara mbili, na watu wawili tofauti. Kilichokosekana kilikuwa sentensi na namba ya simu.

Kilikosekana na kingine, cha kabla ya hapo, cha kawaida hadi kinaudhi: utaratibu wa vyumba. Sandusky alistaafu 1999 akiwa bado na ofisi na ruhusa ya kutumia majengo ya michezo. Baada ya Februari 2001 aliambiwa asilete watoto, na McQueary akaambiwa kwamba funguo zake zimechukuliwa. Hata hivyo McQueary aliendelea kumwona Sandusky mle. Kwa kuwa katazo lilifanywa siri, hakuna mlinzi wala msafishaji aliyekuwa na la kumwuliza. Kanuni ambayo ingesaidia haina fasihi ndani yake: mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoweza kuonekana au kuingiliwa na mtu mwingine, watu wazima hawaogi na watoto, na kanuni inamhusu kila mmoja, hasa anayependwa. Uzuri wake ni kwamba haimhitaji msafishaji ajue moyo wa kocha. Anahitaji tu kujua kwamba kanuni imevunjwa, na kuvunja kanuni ni jambo ambalo hata mtu wa chini anaweza kulitamka bila kumshtaki mtu kwa jinai.

Katika mafunzo yangu huwa natumia zoezi moja kutoka kisa hiki. Nawapanga washiriki watano kwa mstari. Wa kwanza nampa karatasi yenye maelezo ya aya moja, mfano wa alichokiona McQueary, nimebadilisha mazingira. Anasoma, anaikunja, anamwandikia wa pili barua fupi kama vile anamwandikia mkuu wake wa kazi. Wa pili anamwandikia wa tatu, bila kuiona ile ya kwanza. Tukimaliza tunasoma ya kwanza na ya tano kwa sauti. Watu hucheka mwanzoni, kisha huacha. Kitu kinachopotea mapema mno, nimeona tena na tena, ni mtoto. Kwenye karatasi ya tano huwa amebaki "tukio", "suala", "jambo la kocha". Umri unaondoka, mahali panaondoka, saa inaondoka. Kinachodumu hadi mwisho ni cheo cha mtuhumiwa na neno "inadaiwa".

Halafu tunafanya kinyume. Kila mmoja, peke yake, anaandika atakachokisema kwenye simu. Nani, alikuwa na mtoto yupi au wa umri gani, nimeona nini kwa macho yangu, nimesikia nini kwa masikio yangu, wapi, saa ngapi, mtoto yuko wapi sasa hivi. Hakuna "nadhani ana tabia", hakuna historia ya ukoo wake. Kama ni mtoto aliyemwambia, basi maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, hata kama yanaumiza kuyasikia, bila kumhoji zaidi. Kuhoji ni kazi ya waliofundishwa kuhoji, na maswali ya pupa yanaweza kuharibu ushahidi na kumfanya mtoto afikiri amekosea. Kisha wanaisoma sentensi yao kwa sauti, wamesimama. Hapa ndipo wanaume wazima hukohoa, wakina mama hutazama chini. Neno la sehemu ya mwili linagoma kutoka. Mara ya kwanza wananong'ona. Nawaomba warudie.

Mara ya tatu kwa kawaida hutoka kama sentensi ya kawaida, kavu, kama mtu anayeripoti ajali ya barabarani. Baada ya hapo kila mmoja anatoa simu yake na kuhifadhi namba ya kuripoti ya mahali anapoishi, na ya polisi, juu ya namba ya bosi.